Kutoka Le Mandat hadi Mandabi: Utohozi wa Riwaya na Suala la Lugha katika Filamu za Ousmane Sembène

Ikisiri

Mijadala kuhusu filamu zilizotokana na riwaya na tamthilia kwa kawaida huuliza kama filamu imekuwa aminifu kwa kitabu. Makala haya yanadai kwamba swali hilo halitoshi pale kitabu chenyewe kilipoandikwa kwa lugha ambayo wahusika wake hawaisemi. Kwa kufuatilia kazi tatu za Ousmane Sembène wa Senegali, yaani La Noire de…, Le Mandat na Xala, inaonyeshwa jinsi filamu ilivyowarudishia wahusika lugha yao hatua kwa hatua, na jinsi kila hatua ilivyokuwa na gharama yake mbele ya wafadhili, wakaguzi na serikali.

Swali lililozoeleka

Mwaka 1957 mhakiki wa Kimarekani George Bluestone alichapisha kitabu kiitwacho Novels into Film, na tangu hapo uchunguzi wa filamu zilizotokana na riwaya umekuwa uwanja wenye wataalamu wengi. Hoja yake ilikuwa kwamba riwaya na filamu ni sanaa mbili zenye mali ghafi tofauti, maneno upande mmoja na picha upande wa pili, na kwa hiyo haifai kuipima filamu kwa kipimo cha kitabu. Pamoja na hoja hiyo, watazamaji hawajaacha kuuliza kama mwongozaji amekuwa mwaminifu kwa mwandishi. Ndivyo anavyoulizwa David Lean kwa Great Expectations ya mwaka 1946, na ndivyo anavyoulizwa Laurence Olivier kwa Henry V ya mwaka 1944.

Katika mifano hiyo miwili kuna jambo ambalo halitajwi kwa kuwa ni dhahiri mno. Lugha haibadiliki. Pip wa Dickens anasema Kiingereza kitabuni, na kwenye skrini anasema Kiingereza. Akira Kurosawa alipoichukua Macbeth na kuifanya Kumonosu-jō mwaka 1957, mambo yalikwenda kinyume: wakuu wa Uskoti waligeuka masamurai, na Kiingereza chote cha Shakespeare kikaachwa nyuma. Filamu hiyo ilitoka nje ya lugha ya mwandishi wake. Iko namna ya tatu, nayo ndiyo inayoihusu Afrika kwa karibu zaidi. Ni pale ambapo mwandishi ameandika kwa lugha ya kigeni, wahusika wake wakawa wanasema lugha hiyo kwa lazima ya ukurasa, kisha filamu ikaja kuwarudishia ile waliyokuwa wakiisema tangu mwanzo.

Kiswahili kina neno moja linaloyabeba mambo mawili yanayokutana hapa. Wanaisimu huita utohozi ule utaratibu wa kuchukua neno la kigeni na kulivika sauti na sarufi ya lugha pokezi. Wahakiki wa fasihi huliita kwa jina hilo hilo tendo la kuigeuza riwaya kuwa filamu. Katika kazi za Sembène maana hizo mbili hazitenganishiki, kama jina la filamu yake ya mwaka 1968 linavyoonyesha.

Kuli aliyeandika Kifaransa

Ousmane Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, kusini mwa Senegali, mtoto wa mvuvi. Masomo yake rasmi yalikuwa machache. Alifanya kazi za mikono, akapigana katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita akawa kuli katika bandari ya Marseille. Huko alijiunga na chama cha wafanyakazi, akaanza kusoma kwa bidii katika maktaba za wafanyakazi, na mwaka 1956 akachapisha riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir. Mwaka 1960 ikatoka Les Bouts de bois de Dieu, riwaya kubwa kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger wa mwaka 1947 hadi 1948.

Mwaka huo huo wa 1960 Senegali ilipata uhuru, naye akarudi nyumbani. Hapo ndipo lilipomkabili swali ambalo waandishi wengi wa kizazi chake walilikwepa. Wafanyakazi wa reli aliowaandika hawakuweza kumsoma. Wengi hawakujua kusoma kabisa, na waliojua walikuwa wamefundishwa herufi za Kiarabu katika madrasa. Riwaya iliyowatukuza ilikuwa inasomwa Paris. Sembène hakuacha kuandika, wala hakuwahi kusema kwamba filamu ni sanaa bora kuliko fasihi. Kwa mapenzi yake mwenyewe aliitanguliza fasihi. Lakini alitaka kufikisha ujumbe, na akaanza kuiita sinema shule ya jioni. Katika Afrika Mashariki angeeleweka mara moja kwa neno ngumbaru.

Uwanja wenyewe ulikuwa haujalimwa. Agizo la mwaka 1934 lililobeba jina la waziri Pierre Laval lilikuwa limeweka upigaji wa filamu katika makoloni ya Ufaransa chini ya kibali cha watawala, na matokeo yake ni kwamba Waafrika hawakupata nafasi ya kujipiga picha katika nchi zao. Paulin Vieyra na wenzake walipotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955 waliipigia Paris. Sembène, akiwa na umri wa karibu miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza katika studio ya Gorky chini ya Mark Donskoi. Aliporejea alitengeneza Borom Sarret mwaka 1963, filamu fupi kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Jina ni la Kiwolofu, maana yake mwenye mkokoteni, na sarret lenyewe limetoholewa kutoka neno la Kifaransa charrette. Lakini mwenye mkokoteni huyo anawaza kwa Kifaransa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sauti ya Diouana

Hali hiyo ilifikia ukomo wake katika La Noire de… ya mwaka 1966. Kisa kilikuwa hadithi fupi katika mkusanyo wa Voltaïque uliotoka mwaka 1962, na chanzo chake kilikuwa habari ya gazetini kuhusu kijakazi wa Kiafrika aliyejiua kusini mwa Ufaransa. Hadithi inaanza na maofisa wakichunguza kifo nyumbani kwa mabwana zake huko Antibes. Filamu inaanza na meli ikiingia bandarini, Diouana akiwa hai, amevaa vizuri, ana matumaini. Hadithi inafungwa kwa habari fupi ya gazeti na shairi la maombolezo. Filamu inamrudisha bwana mwenyewe Dakar akiwa na sanduku la marehemu na kinyago, na mtoto mmoja anakivaa kinyago hicho na kumfuata nyuma mpaka anakimbilia gari lake. Hakuna neno linalosemwa, na mwisho huo una nguvu kuliko ule wa kitabu.

Tatizo liko kwenye maneno. Diouana ni msichana ambaye hakusoma, na mbele ya mabwana zake hutamka vineno viwili vitatu tu vya kukubali. Hata hivyo mtazamaji husikia mawazo yake yote kwa Kifaransa fasaha, tena kwa sauti isiyo ya Mbissine Thérèse Diop aliyeigiza. Sauti hiyo ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji kutoka Haiti. Wapo wahakiki walioitetea hali hii kwa kusema kwamba mawazo hayana lugha, na kwamba Kifaransa hapo ni tafsiri tu ya kilichomo moyoni. Utetezi huo ni dhaifu. Filamu yenyewe inaupinga katika onyesho ambalo bwana anamsomea Diouana barua kutoka kwa mama yake, kisha anachukua kalamu na kuanza kumwandikia majibu bila kumuuliza. Diouana anaichana barua ile, kwa kuwa aliyoandikiwa si maneno yake. Mtu anayeichana barua iliyoandikwa kwa niaba yake, huku naye amepewa sauti ya kuazima, ni ishara kwamba mtengenezaji alikwisha kuliona tatizo kabla hajaweza kulitatua.

Hawala moja, filamu mbili

Le Mandat ilichapishwa na Présence Africaine mwaka 1966, ikiwa pamoja na Véhi-Ciosane katika kitabu kimoja. Kisa ni chepesi. Ibrahima Dieng, mtu mzima asiye na kazi, mwenye wake wawili, Mety na Aram, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 za CFA kutoka kwa mpwa wake Abdou anayefagia barabara za Paris. Faranga 20,000 ni akiba ya Abdou, 3,000 ni za mama yake, na 2,000 ni za Dieng. Habari inaenea mtaani kabla Dieng hajaigusa fedha yenyewe. Dukani anakopeshwa mchele, wenye shida wanabisha hodi, na maskini huyu anajikuta tajiri kwa madeni. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa, na Dieng anachojua ni kwamba alizaliwa yapata mwaka 1900. Zinahitajika picha, na mpiga picha anamlaghai. Mwishoni jamaa yake msomi, Mbaye, anajitolea kumsaidia, anaichukua fedha kwa hati ya uwakilishi, kisha anadai ameibiwa. Dieng anaambulia mchele.

Kila mlango anaoubisha Dieng una karatasi nyuma yake, na kila karatasi imeandikwa Kifaransa. Hiki ndicho kiini cha kisa, na ndicho ambacho novela haiwezi kukionyesha. Ukurasa umeandikwa wote kwa Kifaransa: karani anasema Kifaransa, na Dieng asiyekijua anasema Kifaransa. Mwandishi hana budi kumkumbusha msomaji mara kwa mara nani anasema lugha gani, na maneno ya Kiwolofu yanayobaki yanahitaji maelezo pembeni. Ukuta unaomzuia Dieng umeangushwa na uandishi wenyewe. Msomaji wa Paris anapita bila kujikwaa mahali ambapo mhusika anavunjika mguu.

Filamu ingeweza kuusimamisha tena ukuta huo, lakini fedha zilitoka Ufaransa. Mfuko wa serikali ya Ufaransa wa kusaidia filamu ulitoa mkopo, mtayarishaji akawa Mfaransa, na filamu ikatakiwa iwe ya rangi na iwepo kwa Kifaransa. Sembène alikubali, kisha akatengeneza mbili: moja ya Kifaransa iitwayo Le Mandat, na nyingine ya Kiwolofu iitwayo Mandabi, waigizaji wakiwa ni wale wale. Makhouredia Guèye ndiye aliyeigiza Dieng, mwenye kanzu pana na mwendo wa mtu anayeamini bado anaheshimiwa. Mwaka 1968 filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Venice.

Toleo la Kiwolofu ndilo lililoishi, na sababu yake si uzalendo mtupu. Ndani yake karani akimsemesha Dieng kwa Kifaransa, mtazamaji wa Dakar anausikia mlango ukifungwa. Dieng akiwa mbele ya dirisha la posta na Dieng akiwa kwake akiwaamrisha wake zake ni watu wawili, na kinachowatenganisha ni lugha. Katika toleo la Kifaransa tofauti hiyo hufifia, kwa kuwa karani na mzee wanatumia lugha moja, na kinachobaki ni kichekesho cha urasimu ambacho kingeweza kutokea mji wowote. Hapa ndipo swali la uaminifu linapogeuka juu chini. Toleo lililofuata maneno ya kitabu kwa karibu zaidi ndilo lililokipoteza kisa.

Barua ya Abdou nayo inastahili kutazamwa. Dieng hajui kuisoma, hivyo anaipeleka kwa mwandishi wa barua anayeketi posta na kudai malipo yake. Sauti ya Abdou inapoanza kusikika, picha zinahamia Paris na kumwonyesha akifagia. Karatasi ya kigeni inapata mdomo. Onyesho la Diouana na barua yake, miaka miwili kabla, limepata jibu: safari hii ujumbe wa mhamiaji unamfikia mzee wake kwa lugha yao, ijapokuwa kwa kulipia.

Jina pia lina mengi. Mandabi ni neno la Kifaransa mandat, likifuatwa na kibainishi bi cha Kiwolofu, na maana yake ni hawala ile, hawala inayojulikana. Kiwolofu kina ngeli za nomino zinazotambulika kwa konsonanti ya kibainishi, na maneno ya mkopo kwa kawaida huingia ngeli ya b-, kama vile Kiswahili kinavyoyapokea mengi katika ngeli ya I-/ZI-. Mtaa mzima wa Dieng, kwa kuitaja hawala ile, umekwisha kuimiliki kisarufi kabla yeye hajaweza kuimiliki kifedha. Tafsiri ya jina kwa Kifaransa haiwezi kulibeba hilo.

Maji ya chupa

Xala ilitoka kama riwaya mwaka 1973 na kama filamu mwaka 1975, lakini mpangilio huo wa tarehe unapotosha. Sembène aliifikiria kwanza kama filamu, akaiandika kama riwaya alipokuwa akisubiri fedha. Kitabu kilikuwa kituo cha njiani. Neno xala, ambalo x yake hutamkwa kama kh ya kheri, ni uhanithi unaoletwa na kurogwa, na unampata mfanyabiashara El Hadji Abdou Kader Beye usiku wa arusi yake ya tatu.

Kwa upande wa lugha, filamu inakwenda mbali kuliko Mandabi. Wakubwa wa Chama cha Wafanyabiashara wanasema Kifaransa wakati wote, hata wanapojisifu kwa Uafrika wao. Rama, binti wa El Hadji, anaulizwa na baba yake kwa Kifaransa na anajibu kwa Kiwolofu, na baba anakereka. Anampa maji ya chupa yaliyotoka Ufaransa, binti anakataa. Onyesho halina kelele, dakika chache tu, na huenda ndilo bora katika filamu nzima. Baadaye El Hadji, akiwa amefilisika na wenzake wanataka kumfukuza, anaomba kujitetea kwa Kiwolofu. Ananyimwa. Hata matusi, anaelezwa, yafuate desturi ya lugha ya Kifaransa. Mtu aliyemkaripia binti yake kwa kusema Kiwolofu anakimbilia Kiwolofu siku ya msiba wake, na anakuta amekwisha kukifungia mlango mwenyewe.

Katika filamu hiyo anapita pia kijana anayeuza gazeti la Kaddu. Gazeti hilo lilikuwapo kweli. Sembène na mwanaisimu Pathé Diagne walilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, likiandikwa kwa Kiwolofu, na jina lake lina maana ya neno au usemi. Wakaguzi wa Senegali walikata vipande kadhaa vya Xala kabla ya kuiruhusu. Sembène aliwagawia watazamaji vikaratasi vilivyoeleza ni maonyesho gani yameondolewa, kiasi kwamba filamu ikahitaji maandishi ili ikamilike.

Herufi d

Mei 1971 serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor ilikuwa imetoa agizo kuhusu uandishi wa lugha sita za taifa, Kiwolofu kikiwamo, na katika miaka iliyofuata kanuni za tahajia zilipewa nguvu ya sheria. Senghor alikuwa mshairi wa Kifaransa, na pia mtu aliyefuzu katika sarufi kwa daraja la juu huko Ufaransa. Hakulichukulia jambo hili kama mchezo. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuacha kumkumbuka jirani yake katika zama hizo, Julius Nyerere, aliyetumia muda wake wa ziada kuitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963. Marais wawili wenye mapenzi na fasihi walizielekea lugha za watu wao kwa njia mbili tofauti kabisa.

Mwaka 1977 filamu ya Sembène iitwayo Ceddo ilizuiwa kuonyeshwa nchini Senegali. Haikutokana na kitabu chochote. Kwa mara hii hakukuwa na ukurasa wa Kifaransa wa kutoka. Sababu iliyotajwa rasmi ilikuwa tahajia. Kanuni za serikali zilitaka d moja, Sembène aliandika mbili. Gazeti la Cheikh Anta Diop, Siggi, lilikumbwa na mgogoro wa namna hiyo hiyo kwa ajili ya g mbili, likabadilishwa jina na kuitwa Taxaw.

Wengi wamesema kwamba d ilikuwa kisingizio, na kwamba kilichowakera watawala ni maudhui: imamu anayetwaa ufalme, biashara ya watumwa, na binti wa mfalme anayempiga risasi imamu huyo mbele ya watu. Huenda ni kweli. Lakini kwa mwanaisimu suala la herufi halikuwa dogo. Urefu wa konsonanti katika Kiwolofu hubadilisha maana: bët ni jicho, na bëtt ni kutoboa. Kuandika d moja mahali wasemaji wanapotamka d iliyokazwa ni kuisikiliza lugha hiyo kwa sikio la mgeni. Na jina la Kaddu, lililokuwa likiuzwa mitaani na kwenye filamu, lilikuwa na d mbili tangu toleo la kwanza. Sembène alikuwa ametumia miaka kumi na zaidi kuitoa sauti ya wahusika wake katika Kifaransa. Alipoombwa aondoe herufi moja ili filamu iruhusiwe, alikataa, na watazamaji wa nyumbani wakaingoja hadi baada ya Senghor kuondoka madarakani mwishoni mwa mwaka 1980.

Les Bouts de bois de Dieu, riwaya ya wafanyakazi wa reli waliomsababishia swali lote hili, Sembène hakuigeuza kuwa filamu mpaka alipofariki Dakar mwezi Juni 2007. Guelwaar nayo ilipita njia ya kinyume. Filamu ilitoka mwaka 1992, na miaka minne baadaye mwandishi wake akaketi akaiandika upya, kwa Kifaransa, iwe riwaya.